Ubeti Uliokatwa

Holo alikuwa ameshazikwa siku tisa nilipopata habari. Minza, mtoto wa dada yake, alipewa namba yangu na watu wa redio, akanipigia nikiwa kwa kinyozi Dar es Salaam, kichwa nusu kimenyolewa. Alinipa shikamoo, akanieleza kwa maneno machache kwamba mama yake mdogo alianguka jikoni kwa presha, wakampeleka hospitali, hakuamka, na wamemzika kwao Mwanhuzi. Kisha akafika kwenye lililomfanya apige. Ndugu walikuwa wanajiandaa kuondoa matanga, na wangependa watu waisikie sauti ya marehemu. "Mjomba," akasema, "wazee wa hapa wanasema mama mdogo aliwahi kurekodi wimbo, na wewe ndiye ulibaki na ile sidii." Nikamwambia nitaangalia. Nilijua sina cha kuangalia. Sidii ile niliiacha kwenye droo ya meza ya chumba nilichopanga mtaa wa Malambo, siku niliyohama Bariadi, na niliiacha kwa makusudi.

Watu wanaponihoji kuhusu kazi yangu, na siku hizi wananihoji kuliko ninavyohoji, huniuliza nilianzaje kuandika habari za muziki. Ninalo jibu ambalo nimelitoa mara nyingi hata limekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Ninasema nilianzia redio ndogo Bariadi, ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga kabla mkoa wa Simiyu haujazaliwa, na kwamba huko nilijifunza kusikiliza. Sehemu ya kwanza ni kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa kuja, sijui Kisukuma zaidi ya kusalimu mwangaluka na kushukuru wabeja. Kituo chetu kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Chumba cha kutangazia tulikipigilia trei za mayai ukutani na mablanketi mlangoni ili kuzuia mwangwi, na juu yetu lilikuwa bati tupu, kwa hiyo ifikapo saa nane mchana nilikuwa natangaza nikiwa na taulo shingoni. Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda kupitia mbao za sakafu ikaingia kwenye nguo. Nilikuwa na saa moja kila siku ya muziki wa kizazi kipya, na kila wiki niliandika ukurasa mmoja wa gazeti la burudani la Dar es Salaam, ambalo lilinichapa kwa jina langu kamili na picha ndogo. Ile picha ndogo ilinilevya. Niliamini kwamba kijana yeyote wa Bariadi aliyewahi kushika maiki, amejulikana kwa sababu mimi nilimwandika. Kwa bahati mbaya, na wao waliamini hivyohivyo.

Chini, upande wa nyuma wa duka, kulikuwa na banda la Holo. Hapo ndipo sote tulipokula, watangazaji, wauza dawa, wafugaji waliokuja kununua chanjo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mikono mikubwa, na hakuwa mcheshi. Hakumwita mteja. Ulikaa kwenye benchi, akakuangalia, akakuletea anachoona unahitaji: ugali wa mtama na mlenda, au sato aliyeletwa asubuhi kutoka Lamadi, au ukimkuta kabla chakula hakijaiva, michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga kwenye bakuli la plastiki. Mimi aliniita mtangazaji, hakuwahi kuniita jina. Alipokuwa anasonga ugali aliimba kwa Kisukuma, si kwa sauti ya kutafuta kusikilizwa, na wafugaji waliokuwa wanabishana kuhusu bei za mnada walinyamaza bila kujua kwamba wamenyamaza. Mimi niliendelea kula. Ilinichukua miezi kugundua kwamba ni wimbo uleule kila siku, na aliyenifanya nigundue alikuwa Seni.

Seni alikuwa kijana wa hapohapo mjini, mwenye sauti nzuri na sura nzuri zaidi, aliyejiita Prince Seni jukwaani. Alirekodi kwa Shija, fundi redio aliyegeuza chumba chake cha kulala kuwa studio, kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, na godoro lililosimamishwa ukutani. Siku moja Seni alikuwa amekaa nami kwenye benchi, akaacha kutafuna. Akasema sauti ile ikiwekewa mdundo, nchi itasimama. Akaenda kumwomba Holo pale pale jikoni, wakazungumza Kisukuma kwa muda mrefu. Holo alikuwa anatikisa kichwa. Kisha akaniangalia mimi, akauliza kwa Kiswahili kama wimbo ukirekodiwa utasikika mbali. Nikajibu, kwa majivuno ya mtu mwenye ghorofa moja na antena, kwamba tukiusukuma sisi utapigwa na redio zote za Tanzania. Akauliza, "Mpaka Rukwa?" Nikasema mpaka Rukwa. Akafuta mikono kwenye kanga, akakubali.

Walirekodi siku mbili baadaye, na nilikuwepo, kwa sababu niliona habari ya kuandika. Shija alifunga dirisha, akazima feni isiingie kwenye sauti, na sisi wanne tukatoka jasho kwa pamoja katika chumba ambacho hakikutosha kitanda na meza. Seni aliimba beti za Kiswahili alizotunga mwenyewe, zisizo na ubaya wala uzuri. Holo aliimba kiitikio, kisha ubeti wa mwisho peke yake, bila mdundo, amefumba macho na kushika ukingo wa meza. Alipomaliza Shija hakubonyeza kitu kwa muda, kompyuta ikaendelea kurekodi ukimya. Halafu, wakati wanaume wawili wakisikiliza walichonasa, Holo alikaa nami kizingitini akanieleza maneno ya wimbo, kwa Kiswahili chake kisicho na mapambo. Naandika hapa alichoniambia kwa sababu kwa miaka mingi nilijifanya sikuelewa.

Mwaka wa ukame, kaka yake Mayunga aliswaga ng'ombe wote wa ukoo kutoka Meatu kwenda kusini, hadi Rukwa, kutafuta malisho. Walikuwa wa baba, wa mjomba, wengine wa mahari ya dada zake. Barua mbili zilikuja, kisha hakuna. Baadaye mtu mmoja aliyetoka huko akasema ng'ombe wamekwisha, wengine kwa ugonjwa, wengine walikamatwa hifadhini, na Mayunga anaona aibu kurudi. Kiitikio cha wimbo kilikuwa kinawaita ng'ombe mmoja mmoja: yule mweusi mwenye doa la paji, yule wa pembe moja, yule aliyezaliwa njiani. Waliuimba pamoja wakichunga wakiwa watoto. Ubeti wa mwisho Holo aliutunga mwenyewe. "Namwita kwa jina lake na la baba," akasema. "Namwambia, Mayunga wa Ndulu, ng'ombe tumewasamehe, rudi hata na fimbo tupu. Baba kabla hajafa alisema hivyo. Yeye hajui." Akaifunga kanga upya. "Wachungaji wa kule wanakaa na redio. Atasikia." Kisha akaniomba kwamba nitakapoupiga wimbo, niseme na mimi kwa Kiswahili, kwa mdomo wangu, kwamba Mayunga Ndulu anatafutwa na dada yake Bariadi. Nikamwahidi. Shija alinipa nakala ya kwanza, akaiandika juu kwa kalamu ya wino mzito.

Niliupiga mara moja. Nataka hilo lijulikane, na nataka lijulikane pia kwamba sikutaja jina la Mayunga hata hiyo mara moja, kwa sababu muda ulikwisha na tangazo la mbegu za pamba lilikuwa linasubiri. Nikajiambia kesho. Antena yetu haikufika hata Shinyanga mjini, achilia mbali Rukwa, kwa hiyo niliona hakuna kilichopotea. Nikautuma Dar es Salaam kwa mtu niliyemfahamu gazetini, naye akampa meneja mmoja wa wasanii aitwaye Fadhili, na baada ya wiki tatu Fadhili alikuwa Bariadi.

Alitualika mchana, mimi na Seni na Shija, katika hoteli ya watumishi wa serikali yenye vitambaa vya mezani. Tulikula pilau la mbuzi. Fadhili alikuwa mtu mpole, na hii ndiyo shida ninayoipata ninapotaka kumlaumu. Alituwekea nyama sahani kwa mkono wake. Aliusifu wimbo kwa dhati na kwa ujuzi, akataja sehemu ambazo hata Shija hakuwa amezitambua. Halafu akasema kiitikio kibaki lakini kiimbwe na msichana wa Dar mwenye sauti laini, maneno ya beti yabadilishwe yawe ya mapenzi, na ule mwisho utoke. "Yule mama anayeita watu mwishoni, mtoe," alisema. "Watu wanataka kucheza, yeye anawapeleka msibani." Shija aliinamisha kichwa. Seni alicheka, na mimi nikacheka. Hakuna aliyenilazimisha. Nilicheka kwa sababu Fadhili alikuwa ameshaniambia tulipokuwa tunanawa mikono kwamba gazeti linatafuta mwandishi wa kudumu wa muziki, na kwamba neno lake lina uzito pale. Shija peke yake ndiye aliyesema kitu. Alisema yule mama alirekodi kwa ajili ya huo mwisho. Fadhili akamjibu bila hasira kwamba matangazo ya waliopotea yana utaratibu wake, polisi na redioni, na mwandishi wetu hapa atalishughulikia. Wote wakaniangalia. Nikasema nitalishughulikia, nikaongeza pilau.

Nimewafundisha vijana wengi kazi hii, na huwaambia kwamba mwandishi wa muziki hauzwi siku moja. Hununuliwa kwa sahani, kwa kiti cha mbele, kwa kuitwa kaka na mtu maarufu mbele za watu. Wao huliandika neno hilo daftarini kana kwamba nililisoma mahali. Sijawahi kuwaambia kwamba mimi nilinunuliwa kwa pilau la mbuzi, tena nilikuwa nimeshiba.

Wimbo mpya ulitoka masika yalipoanza. Niliuandikia ukurasa mzima. Fadhili alinipa mstari wa kushika: kwamba Seni aliutunga kwa ajili ya msichana aliyemwacha, na kwamba maneno ya Kisukuma yaliyobaki yanamaanisha moyo wangu wote umeenda naye. Yalikuwa majina ya ng'ombe. Niliandika "moyo wangu", nikalainisha sentensi mara mbili ili isomeke vizuri. Kwa mwezi mmoja hakuna basi lililopita Bariadi bila wimbo ule. Ulipigwa dukani chini yetu, kwenye harusi, kwenye mkutano wa diwani. Watu walikuja kunipa mkono. Fadhili alituandikia kituoni akiomba toleo la zamani lisipigwe, lisije likawachanganya wasikilizaji, na mkurugenzi wetu akakubali mara moja. Sidii ya Shija ikahamia kwenye droo yangu.

Holo aliendelea kunipikia. Siku za kwanza aliniuliza, kwa utaratibu, kama nimeshatangaza. Nilimwambia bado, kuna kibali kinachosubiriwa. Hakukuwa na kibali chochote. Siku nyingine nilimwambia mkurugenzi hayupo. Siku nyingine nilimweleza kwa maneno marefu ya ofisini jinsi matangazo ya waliopotea yanavyopita dawati jingine, naye alinisikiliza akiwa ameshika mwiko, akasema tu, "Lakini wewe unaongea kila siku saa nzima, mtangazaji." Nikaomba maji ya kunawa. Dakika zile nilizozitumia kumdanganya, ukizikusanya, zingetosha kumtangaza Mayunga mara mia. Kwa nini sikulitamka lile jina? Nimejiuliza kwa miaka yote hii, na jibu lina aibu kuliko kosa lenyewe. Niliogopa kwamba nikilitaja, msikilizaji mmoja mwerevu atauliza huyu Mayunga anahusiana nini na wimbo, na habari yangu nzuri ya msichana aliyeondoka itachanika. Hakuna msikilizaji aliyekuwa mwerevu hivyo. Nilikuwa nalinda uongo ambao hakuna mtu aliyekuwa anaushambulia.

Ilikuwa siku ya mnada, mwisho wa mavuno ya pamba, na barua yangu ya kazi Dar es Salaam ilikuwa imeshafika. Nilishuka kula, nikamkuta mwanamume mzee kidogo, mwembamba, amekaa kwenye benchi langu na fimbo katikati ya miguu. Aliitwa Jilala. Alikuwa ametoka Rukwa siku tano zilizopita, na alikuwa amemtafuta Holo banda hadi banda. Alizungumza Kisukuma, na Holo alikuwa amesimama mbele yake, kwa hiyo mimi niliona tu mikono yake mikubwa ikishuka taratibu hadi ikagusa kanga. Minza, aliyekuwa msichana wa shule wakati huo na aliyekuja likizo kumsaidia, ndiye aliyegeuka kunitafsiria. Alidhani nataka kujua. Alidhani mimi ni mtu wa nyumbani.

Jilala alikaa kambi moja na Mayunga kwa misimu miwili. Ng'ombe waliisha, Mayunga akawa anachunga wa watu. Kifua kilimshika, akakohoa kutwa kucha, wenzake wakamwambia arudi kwao akatibiwe, akasema hawezi kusimama mbele ya baba na fimbo tupu. Hakujua baba amekufa. Kambini walikuwa na redio ya betri, imefungwa kwenye mti. Masika wimbo ukaanza kupigwa. Mara ya kwanza Mayunga aliposikia kiitikio alisimama, mgonjwa yule, akawanyamazisha wote. Akawaambia huo ni wimbo wa kwetu, huo tuliuimba mimi na dada yangu, lazima dada ndiye ameutoa, ananitafuta. Akawaambia subirini mwisho. Kwao mtu akiimbiwa akiwa mbali, jina lake hutajwa mwisho. Wakasubiri naye. Wimbo ukaisha, mtangazaji akaweka mwingine. Siku ya pili akasubiri tena, na ya tatu, akidhani labda wanaukata kwa haraka. Walikuwa wanausikia mara mbili tatu kwa siku, na kila mara alikaa karibu na mti hadi mwisho. Baada ya wiki mbili akawaambia waizime. Minza alitafsiri maneno yake akiwa anaangalia chini. "Alisema, wameimba ng'ombe, mimi hawakunitaja. Basi nyumbani wameshanizika." Akafa kabla mvua hazijaisha. Walimzika kando ya boma, na Jilala aliahidi kuleta fimbo yake, ndiyo ile aliyokuwa ameishika.

Holo hakulia mbele yetu. Aliipokea fimbo, akaiingiza ndani nyuma ya magunia ya mkaa, akarudi. Wateja wengine walikuwa wameacha kula. Mimi nilisimama. Nilitaka kusema kitu, na nadhani nilianza, nilisema dada Holo, mimi... Aliniangalia kwa muda, bila chuki, jinsi alivyomwangalia mteja yeyote ili kujua anahitaji nini. Kisha akapakua ugali, akaweka na sato, akaisukuma sahani mbele yangu.

"Kaa ule," akasema. "Samaki hana kosa."

Nikakaa. Nikala, nikamaliza, kwa sababu kuacha kungekuwa kukiri mbele ya watu wote wale, na sikuwa na moyo huo. Sidhani nimewahi kula chakula kirefu kama kile. Siku iliyofuata sikushuka. Nilituma mtu aninunulie chapati upande wa pili wa barabara, na niliendelea hivyo hadi nilipohama. Nilipopanga mizigo nikafungua droo, nikaiona sidii yenye maandishi ya Shija, nikaifunga droo.

Mwezi uliopita nilikwenda Bariadi mikono mitupu. Banda limekuwa mgahawa wa vigae na meza za vioo, na Minza ndiye mwenye nao, mama wa watoto watatu, mwenye kimo cha Holo. Nilimwambia kweli kuhusu sidii, kwamba sikuipoteza bali niliiacha. Shija alishafariki, na kompyuta yake iliuzwa vipuri. Hakuna nakala nyingine iliyopatikana, hata ile niliyoituma Dar es Salaam. Nilimwuliza Minza, na ni swali la kijinga kwa mtu wa umri wangu, kama mama yake mdogo aliwahi kunizungumzia vibaya miaka yote hii. Alifikiri kwa uaminifu, nikamwona anatafuta kweli kweli. "Hapana, mjomba," akasema. "Hakuwahi kukutaja." Kisha akaniuliza kama nitakula. Kwenye matanga waliimba wenyewe, wanawake wa Mwanhuzi, lakini ubeti wa mwisho hakuna aliyeujua, kwa kuwa tangu siku ile ya Jilala Holo hakuuimba tena.

Nimekuwa na kazi nzuri. Nimesafiri, nimepewa ngao, nimekaa meza moja na kila aliyetamba kwa miaka ishirini. Vijana wananiita mkongwe. Lakini kila ninapojaribu kusema ni lini hasa nilikuja kuwa mwandishi wa muziki, sirudi kwenye trei za mayai wala kwenye picha yangu ndogo. Narudi kwenye asubuhi yangu ya kwanza gazetini Dar es Salaam, wiki tatu baada ya kuacha Bariadi. Mhariri alinipa kazi ya kuanzia, rahisi, ya kunifungulia mlango: mahojiano na Prince Seni, mtu wa kwangu. Alikuja na Fadhili, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Alinikumbatia kwa furaha ya kweli. Hakujua chochote kuhusu Rukwa, na mimi niliyejua sikumwambia. Nikafungua daftari, nikamwuliza wimbo ule alimtungia nani. Akamtazama Fadhili, akatabasamu, akataja jina la msichana. Nikamwomba anitajie herufi moja moja nisije nikalikosea, nikaliandika.